Wauzaji wa matangi ya matumbawe Dar, hita ya nini? Umeme ukikatika samaki wanakufa kwa kukosa hewa

Wakuu, hili jambo limevuka mpaka. Umeme ukikatika usiku mmoja tu, asubuhi habari ni zilezile: samaki wamelala ubavu, matumbawe yanatoa ute, maji yana ukungu. Muuzaji akipigiwa simu anajibu kwamba samaki wa bahari ni wagumu kufuga. Si kweli. Samaki hao wamekufa kwa sababu mteja aliuziwa vifaa vya nchi yenye baridi na umeme usiokatika, halafu akaambiwa amekamilika.

Angalieni kifurushi kinachouzwa mjini kwa tangi la lita 300: kioo, taa, skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu), pampu ya wati 85 ya kurudishia maji kutoka tangi la chini la kuchujia, hita ya wati 300 na taa ya UV ya kuua vijidudu. Betri hamna. Pampu ya hewa hamna. Hata feni hamna. Mtu anatoa mamilioni, na kitu pekee ambacho kingemwokoa usiku wa kwanza wa giza hakimo kwenye risiti.

Nianze na hita maana ndiyo inayoniudhi kuliko vyote. Dar, Tanga, Mtwara, Zanzibar, Mombasa: chumba kinafika nyuzi 30 na zaidi, na tangi la matumbawe linatakiwa likae kati ya 25 na 27. Hapo hita inapasha nini? Inakaa ndani ya maji ya chumvi miezi yote ikisubiri kuharibika. Na ikiharibika, mara nyingi swichi yake ya ndani inaganda ikiwa imewaka. Wati 300 kwenye lita 300 zinapandisha joto karibu nyuzi 1 kila saa. Ukilala kwa muda wa saa nane, umeamka na supu. Mtu wa Arusha, Mbeya au Nairobi anaihitaji, sibishi, lakini naye auziwe mbili ndogo za wati 100 au 150 na kidhibiti cha nje, ili moja ikiganda isipike tangi zima.

Sasa tuje kwenye kinachoua. Wengi wanadhani ni joto au giza. Giza halina shida, matumbawe yanavumilia siku mbili tatu bila taa. Skima nayo inaweza kusubiri. Kinachoua kwanza ni oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanabeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita yakiwa yameshiba kabisa, na yakifika nyuzi 30 yanabeba takriban 6.2. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 yanabeba zaidi ya 8. Kwa hiyo tangi la bahari linaanza na akiba ndogo, na kadiri linavyopata joto akiba inapungua huku samaki na bakteria wakivuta zaidi. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia. Uso wa maji ukitulia, hewa haiingii kwa kasi ya kutosha. Tangi lenye samaki wengi linaweza kuishiwa ndani ya saa chache. Matumbawe yenyewe yanazidi kuumia kwa kuwa maji hayapiti juu ya ngozi yao.

Kwa hiyo umeme ukienda, kazi ni moja: uso wa maji utikisike. Siyo taa, siyo skima, siyo UV. Pampu moja ndogo ya mawimbi (ya kuzungusha maji ndani ya tangi) ya wati 10 iliyoelekezwa juu inatosha kuwaweka hai.

Na hapa ndipo ushauri wa madukani unapotisha. Mteja akiuliza kuhusu umeme, anaambiwa anunue UPS ya kompyuta (kisanduku chenye betri ya akiba). UPS ya VA 650 kwa kawaida ina betri ya volti 12, ampea-saa 7. Hiyo ni wati-saa 84 tu, na sehemu yake inaliwa na UPS yenyewe. Pampu ya wati 85 haimalizi saa moja. Tena nyingi zinatoa umeme wa ngazi usio na wimbi laini, ambao pampu za AC (za umeme wa ukutani) zinaunguruma nao, zinapata moto, au zinakataa kuwaka kabisa.

Mwingine anaambiwa achukue inveta kubwa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiishusha mpaka chini mara kadhaa imekufa. Chukua betri ya sola, iliyofungwa, inayovumilia kushushwa na kuchajiwa tena na tena. Halafu piga hesabu kabla ya kulipa. Volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya madini ya risasi (lead-acid) tumia nusu, yaani 600. Inveta tupu, bila kuunganishwa chochote, inaweza kula wati 10 hadi 20. Pampu ya wati 10 nyuma ya inveta inayokula 12 itakaa takriban saa 27. Pampu hiyohiyo ikichukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kibadilishi cha volti 12 kwenda 24, itapita saa 48. Betri ni ileile, tofauti ni kile kidude cha katikati, yaani inveta, ambacho muuzaji alikulazimisha ununue kwa sababu anacho dukani.

Namna ya kuunganisha, kwa anayetaka fundi wake aelewe. Nunua pampu ya mawimbi ya DC (ya umeme kama wa betri), volti 24. Betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kisha kibadilishi cha kupandisha volti kikiwa kimewekwa kwenye 22. Adapta ya pampu inabaki kwenye 24. Njia zote mbili zipite kwenye dayodi ya Schottky (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kila moja yake, ndipo zikutane na kuingia kwenye pampu. Umeme ukiwepo, 24 inashinda 22 na betri inapumzika. Umeme ukikatika, betri inashika bila swichi wala mtu kuamka. Pampu nyingi za volti 24 hukubali 22, lakini ijaribu yako kwanza. Weka kifaa cha kukata betri ikishuka volti 12, na chaja inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Feni mbili ndogo za kompyuta za volti 12 unaweza kuziunganisha kwenye betri hiyohiyo, baada ya kifaa cha kukata, wati 3 au 4 kila moja.

Feni hizo msizidharau. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kushusha lita 300 kwa karibu nyuzi 2. Wakati wa masika hewa ikiwa nzito na unyevu, feni zinapungua nguvu, hilo mlijue. Na kinachopotea ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo rudisha maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, usirudishe ya bahari. Lenga chumvi 35 kwa elfu.

Pampu ya wati 85 ndani ya maji nayo ni hita ambayo hamkuiomba. Karibu kila wati inayoingia inaishia kuwa joto ndani ya tangi. Ya DC inayosukuma maji yaleyale kwa wati 35 au 40 inapunguza bili, inapunguza joto, na inaweza kuunganishwa na betri. Kwa nini haimo kwenye kifurushi?

Kuna wanaoleta pampu za mtumba kutoka Marekani, volti 110 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na kumpa mteja transfoma ya kushusha volti. Transfoma haibadilishi hezi. Kwetu ni hezi 50, kwa hiyo mota inazunguka polepole kwa moja ya sita, uwezo wa kupandisha maji unashuka karibu asilimia 30, na koili inapata moto zaidi. Kuuza kitu hicho bila kumwambia mnunuzi ni wizi.

Halafu mafuriko ya sebuleni. Pampu ya kurudishia ikisimama, maji yanarudi kwenye tangi la chini kupitia bomba lilelile hadi mdomo wa bomba upate hewa. Tangi la sentimita 120 kwa 50, mdomo ukiwa sentimita 5 chini ya maji, zinashuka lita 30, na bado maji ya kwenye mabomba. Mafundi wanafunga vali ya kuzuia kurudi na kusema tatizo limeisha. Vali hiyo ikikaa miezi inashikwa na mwani na chokaa, haifungi tena. Toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, lisafishe kila wiki, na acha nafasi ya lita 40 tangi la chini. Jaribio lake ni kuchomoa plagi mchana kweupe na kutazama maji yanaishia wapi. Fundi asiyefanya hivyo kabla ya kuondoka hajamaliza kazi.

Umeme unaporudi ndipo hasara ya pili inapotokea, na ndiyo isiyosemwa kabisa. Unarudi umeyumba, adapta zinaungua, kompresa ya chila (mashine ya kupoza maji) inalazimishwa kuwaka kabla presha haijashuka. Tumia kilinda friji, kile kinachokata volti zikizidi au zikipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Pampu iliyozunguka mwaka mzima bila kusimama inaweza isiwake tena, kwa sababu chokaa imeshika kishafti (kijiti kinachobeba sehemu inayozunguka). Kila miezi mitatu ifungue, loweka saa moja kwenye siki na maji nusu kwa nusu, suuza, rudisha.

Wenye chujio la kopo lililofungwa, sikilizeni. Likikaa bila mzunguko saa kadhaa, oksijeni ya ndani inaisha, bakteria wanakufa, na linaweza kutengeneza gesi ya salfa yenye harufu ya yai bovu. Umeme ukirudi linasukuma maji hayo yote kwenye tangi. Samaki waliovumilia usiku mzima wanakufa asubuhi taa zikiwaka, na hakuna anayejua kwa nini. Lichomoeni mara tu umeme unapokatika. Kabla ya kuliwasha, mwaga maji yake na suuza sponji kwa maji ya tangi.

Naongezea kwa waliouliza.

Barafu: ndiyo, chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa, kifuniko kimefungwa, ielee. Kwenye lita 300 inashusha kama nusu nyuzi. Msitupie nne kwa mpigo. Barafu tupu isiingie majini, inashusha chumvi.

Huna betri kabisa leo usiku: acha kulisha, fungua kifuniko, chota kwa jagi na mimina kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Ile pampu ya hewa ya kuchajiwa kwa USB nunua kesho, ni bei ndogo kuliko samaki mmoja.

Wa Nairobi: kwenu baridi inaingia taratibu, funika pande za kioo kwa blanketi na uache juu wazi. Oksijeni bado ni ya kwanza. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikosa umeme, sehemu nyingi usiku kucha. Mpango wa saa mbili hautoshi, pangeni wa saa 24.

Jenereta: nje ya nyumba, mbali na dirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi inayoua watu, na pampu ya hewa ikiuvuta unaingia na majini.

Breka ya miliampea 30 ya kuzuia shoti iwepo, ila vifaa vigawanywe kwenye mbili. Hita au taa ikivuja, breka moja inaanguka na pampu ya mawimbi inabaki kwenye nyingine. Tangi zima kwenye breka moja, hata LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ikiwa na yuniti tele, ni umeme uliokatika nyumbani kwako peke yako na hakuna aliyepo kuurudisha.

Na kwa wauzaji walioniandikia kwa hasira: jibuni haya hadharani. Pampu mnayouza inakubali betri ya volti ngapi? Plagi ikichomolewa na kurudishwa mara kumi inawaka yenyewe, au inasubiri mtu abonyeze kitufe? Adapta ya akiba mnayo dukani, na kishafti je? Mteja, fanya jaribio la plagi hapohapo kaunta kabla hujatoa hela, na adapta ya akiba linganisha volti ziwe zilezile, ampea zisiwe chini ya ile ya kwanza, na kichwa chake kiwe na ncha chanya upande uleule kama cha asili, vinginevyo unaunguza kidhibiti siku ya kwanza.