Mrejesho: Mihadhara ya jamii na mazingira kituoni

Niliuliza namna ya kuendesha mihadhara ya wazi kwenye kituo cha mazingira bila watu kuondoka katikati. Asanteni sana mliojibu. Yaliyofanya kazi ni haya.

Mzungumzaji dakika 25, maswali 20, kisha matembezi ya nusu saa. Matembezi ndiyo moyo wa shughuli, na ndiyo huharibika upesi: kundi likizidi watu 15 kwa kiongozi mmoja, walio nyuma hawasikii wala hawaoni. Kiongozi asieleze huku anatembea. Akifika kwenye mti anaoulenga, aupite kidogo, arudi hadi usawa wa katikati ya kundi, ndipo aseme. Jua limpige yeye usoni, si wasikilizaji. Mada ikiwa ndege, matembezi yatangulie alfajiri, maana jua likipanda ndege wengi hutulia.

Spika zikae mbele ya kipaza sauti, zikiwaelekea watu. Zikiwa nyuma yake, kinanasa sauti inayotoka humo na kuanza kupiga mluzi.

Jambo kubwa kuliko yote: wakulima, wavuvi na wazee wa eneo waseme kabla ya mtaalamu. Akishamaliza yeye, wengi huona haya kumpinga, na wanachokijua kuhusu mto wao hakisikiki.

Projekta mchana kwenye banda lililo wazi, achaneni nayo. Pitisheni mikononi udongo, mbegu na majani.