Nimemaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nataka kuwa daktari wa familia. Je, fani hii ipo kwetu?

Binti_Nansio:
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kidato cha sita na najiandaa kuomba chuo. Nikiulizwa nataka kuwa daktari wa nini, nasema daktari wa familia, watu wanacheka: "Yaani usome miaka yote hiyo uje kutoa Panadol?" Baba anataka nifanye upasuaji. Mimi nimeangalia video za madaktari wa familia wa Marekani, nikaona ndiyo kazi ninayoitaka: bibi, mama na mjukuu wote wanatibiwa na mtu yuleyule. Je, hapa ipo? Na chuo nichague kwa kuangalia hilo?

Msukuma_Halisi:
Dada, kwanza pata mkopo wa bodi. Ubingwa utaujua mbele ya safari.

Daktari_wa_Ng'ambo:
Mdogo wangu, karibu. Nilisoma pale mlimani Bugando, kwenye hospitali kubwa ya Mwanza, sasa nipo kituo cha afya upande wa Sengerema.

Chuo usichague kwa hilo. Kwenye maombi unaomba MD tu, yaani shahada ya udaktari: miaka 5, halafu mwaka 1 wa intern, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, ndipo ubingwa. Na fani ipo. Aga Khan pale Dar wanaifundisha ngazi ya uzamili, na Kenya wanayo Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Hao wa kwenye video njia yao ni nyingine: wanaanza udaktari wakiwa na digrii tayari, kisha miaka 3 ya ubingwa huo, ambao kwao unatambuliwa tangu 1969.

Sasa hiyo Panadol. Juzi kaletwa mvuvi anatapika damu. Ukimgusa tumbo, bandama imeshuka hadi usawa wa kitovu. Hicho ni kichocho cha miaka mingi: ini limekakamaa, damu imekosa njia, mishipa ya koo la chakula ikavimba mpaka ikapasuka. Tukamtundikia dripu, tukampa rufaa. Bugando wakaingiza kamera, wakaifunga ile mishipa, wakamrudisha akiwa hai. Bingwa wa kule kamaliza kazi yake, na kaifanya vizuri.

Yangu ndiyo kwanza imeanza. Vidonge alivyopewa vya kuzuia damu isitoke tena anameza siku anayojisikia vibaya. Mkewe anafua ziwani, palepale penye kichocho. Kijana wao wa darasa la tatu hakuwepo shuleni siku walimu walipowasimamisha watoto kwenye ile fimbo ya kupimia urefu, ili kila mmoja ajulikane anameza vidonge vingapi vya prazikwanteli, dawa ya kichocho. Nimewaita wote. Mke kaja, na mtoto kaja, ila mvuvi mwenyewe kisharudi majini. Nitamngoja mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa hawatoki mwezi ukiwaka.

Nesi_Kirumba:
Daktari, usimpambie mtoto wa watu. Mwambie na upande wa pili.

Daktari_wa_Ng'ambo:
Haya, dada nesi. Ukipangiwa kituo cha afya, hasa ukiwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, nusu ya siku utakuwa unahesabu dawa, unajaza madai ya bima na kujibu simu za halmashauri. Wengi tunaoifanya kazi hii hatuna ubingwa wake, tuna MD tu. Na pesa? Wenzangu wa upasuaji jioni wana kliniki binafsi mjini. Mimi jioni nina dagaa niliopewa na mgonjwa.

Binti_Nansio:
Asante sana, daktari. Sasa baba nimwambieje?

Daktari_wa_Ng'ambo:
Usibishane naye. Mwaka wa intern utapita tiba ya ndani, upasuaji, watoto na wodi ya wazazi, upende usipende. Nimeona waliokuja na msimamo kama wako wakaonja chumba cha upasuaji wakagoma kutoka, na mmoja aliyefanya kinyume chake.

Kwa sasa nenda zahanati iliyo karibu nawe, muombe mganga mfawidhi akuruhusu uangalie kliniki ya presha na sukari. Usikae upande wa daktari. Kaa kwenye benchi na wale akina mama, usikilize wanavyoambizana kwa nini dawa ziliisha kabla ya mwezi, maana wakiingia ndani wanasema nyingine kabisa. Vaa viatu vya kufunika vidole, chukua daftari, na majina ya wagonjwa usiyaandike.