Jumapili kwa Shosho

*Ijumaa*

19:02 Shangazi Wanja: Wapendwa, Jumapili kwa Shosho saa saba. 500 kila mtu. Waliotuma ni wawili na mmoja ni mimi. Pilau, kuku, kabichi ya kupika. HAKUNA KACHUMBARI.

19:03 Shangazi Wanja: Sijakosea kuandika. Hakuna.

19:40 Kevo: Pilau bila kachumbari? Hiyo ni ya matanga 😭

19:44 Shangazi Wanja: Cheka tu. Dania ya kando ya mto inanyweshwa maji ya sewa, mmeona wenyewe mkiwa kwa matatu. Ile minyoo mirefu kama tambi, jike mmoja hutaga mayai hata 200,000 kwa siku. Hayaonekani kwa macho.

19:46 Kevo: Shuleni tuliambiwa mchango pia ni mnyoo. Kumbe Aunti kila mwezi unatudai minyoo 😂

19:46 Anko Njoro: 😂😂😂 Mimi nitatuma ya kwangu ikiwa hai

19:50 Shangazi Wanja: Njoro umri wako

20:15 Mama Brayo: Si tuloweke kwa maji ya chumvi?

20:21 Shiro: Aunti, chumvi na siki haziui hayo mayai. Hata klorini yanaistahimili. Moto ndio unayamaliza. Kama ni lazima iwe mbichi, osha jani moja moja chini ya mfereji, maji yakitiririka.

20:22 Mama Brayo: Mfereji upi? Kwetu maji ni Jumanne. Tunaoshea kwa beseni moja, nyanya na dania pamoja

20:30 Anko Njoro: Tumeze dawa ya minyoo kesho tule kwa amani

20:33 Shiro: Albendazoli inatoa minyoo iliyomo Anko, haizuii ya Jumapili. Na amiba haitibu.

21:08 Baba Brayo: Naona leo ni mboga. Krismasi ilikuwa nyama yangu.

21:09 Shangazi Wanja: Hakuna aliyetaja nyama.

21:09 Baba Brayo: Ulitaja. Ujumbe ninao.

21:13 Shiro: Walioharisha usiku ule wa Krismasi haikuwa minyoo wala amiba, hizo huchukua siku nyingi, hata wiki. Ilikuwa bakteria. Nilikula ile nyama sahani mbili, kachumbari sikugusa, na nililala vizuri.

21:14 Baba Brayo: Asante Shiro. Ingesemwa wakati ule.

21:15 Kevo: _Ujumbe huu umefutwa_

21:31 Shosho: Wanangu, Njeri ananiandikia. Gathoni alianguka kifafa miaka mitatu mkisema ni mapepo. Mimi ndiye nililala naye hospitali. Daktari alisema ni tegu ya nguruwe, imekaa kichwani. Mtoto hakuwa amewahi kula nguruwe. Mayai ya huo mnyoo yanatoka kwa choo cha mtu mwenye tegu, yanafika kwa mikono, kwa maji, kwa mboga mbichi. Kachumbari haitapita mlango wangu. Na Wanja, mpigie ndugu yako simu. Usimwandikie hapa.

22:04 Shangazi Wanja: Sawa Mami.

22:05 Shangazi Wanja: Sufuria kubwa iko kwa nani?

*Jumamosi*

07:20 Shangazi Wanja: Sufuria??

09:48 Anko Njoro: Avokado je? Si inamenywa

09:55 Shiro: Avokado sawa, lakini osha ganda kabla ya kukata. Kisu hubeba uchafu ndani.

10:02 Shangazi Wanja: Njoro leta kumi basi. @Baba Brayo simu yako imezimwa

13:37 Mama Brayo: Amelala

16:12 Tony: Ni Jumapili hii ama ile ingine