Tupeane uzoefu: shule ilikuinua, au ilikuacha pale ulipozaliwa?

Wa Uyole: Ndugu zangu, mdogo wangu amechaguliwa kidato cha kwanza, nami nimekumbuka mwaka 2007, nilipoingia shule ya kata yenye walimu watatu na kukuta baiolojia ikifundishwa kwa Kiingereza ambacho miaka saba ya msingi haikunipa, ilhali watoto waliosoma shule za kulipia Mbeya mjini walikuwa wamekizoea tangu chekechea. Ninyi mlipitaje?

Mkulima, Mbarali: Ndivyo tulivyopita sote. Tulikariri bila kuelewa.

Binti wa Makete: Mimi sikufika huko. Usiku wa kuamkia mtihani wa darasa la saba, mwaka 2001, baba aliniita jikoni akaniambia kwa upole nijaze majibu yasiyo sahihi, kwa kuwa nikifaulu, ada ingemlazimu kuuza shamba la viazi, na wadogo zangu wangekosa chakula. Kila swali la hesabu nililikokotoa hadi mwisho, nikalipata jibu, kisha nikaandika lingine. Januari nikapandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Jioni nilimwelekeza mtoto wa nyumba ile sehemu na desimali huku nikimenya vitunguu, mpaka mama yake akaniuliza kwa nini sikusoma. Nilinyamaza, maana jibu lingemvunjia baba heshima.

Mwalimu mstaafu, Mafinga: Pole sana, mwanangu. Nilimfundisha aliyeshika nafasi ya kwanza mwaka mzima akaanguka mtihani, na wazazi wake hawakushangaa.

Wa Ipogolo: Hayo yamepita. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Anayebaki nyuma leo amekosa bidii.

Mkulima, Mbarali: Sare, chakula na chumba anachopanga binti karibu na shule, ili asitembee mwendo wa saa mbili alfajiri na mapema, vinalipwa na nani? Pima maneno yako mbele ya dada huyu.

Wa Ipogolo: Sikumlenga yeye. Niwie radhi, dada.

Mwalimu mstaafu, Mafinga: Binti, jiandikishe QT, mtihani wa maarifa unaomfungulia asiyepitia sekondari njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne. Umri si kizuizi.

Mama Njombe: Mwalimu, usimpe mzigo mwingine. Anunue cherehani, asomeshe wanawe.

Binti wa Makete: Shikamoo, mwalimu. Mama, cherehani ninayo. Leo nimenunua kitabu cha hesabu cha kidato cha kwanza pale Makambako, nikakiviringisha ndani ya khanga, kwa sababu baba yu hai na sitaki akione.