Ushauri: hii muvi ya malkia Elizabeth naweza kuangalia na bibi na watoto?

Kijana wa Mbagala: Habari za jioni wakuu. Jumapili wapwa zangu, miaka 10 na 13, wanakuja home na bibi atakuwepo, na bibi ndo alikuwa barabarani 1979 malkia alipokuja Tanzania, mpaka leo anausimulia ule mkono wenye glavu. Nimepata A Royal Night Out ya 2015, ya kuchekesha, usiku wa tarehe 8 Mei 1945 vita imeisha Ulaya, mabinti wawili wa mfalme, Elizabeth na mdogo wake Margaret, wanaomba ruhusa watoke ikulu ya Buckingham wakasherehekee na raia, wakapotezana. Haina mambo ya kunitia aibu mbele ya bibi? Na ni kweli au chai?

Mama Pacha Tabata: Muvi tamu, Elizabeth anavyolikimbilia basi lililombeba mdogo wake nilicheka sana. Ila Margaret akifika Soho, mtaa wa starehe London, kuna danguro na kinywaji kimewekewa kitu, Marekani wameipa PG-13, yaani wazazi wawe makini na watoto chini ya miaka 13. Iangalie kwanza wewe, hapo uruke.

Mzee wa Vitabu: Kutoka walitoka kweli mkuu, ila walikuwa kundi la watu kama 16 na Margaret alikuwa na miaka 14 tu. Elizabeth, 19, alivaa sare ya jeshi kofia kaishusha mpaka machoni asijulikane, ofisa mmoja kwenye msafara akagoma kutembea na mwanajeshi aliyevaa hovyo, ikabidi aiweke sawa. Halafu wakasimama nje ya ikulu na umati wanapiga kelele wanamtaka mfalme, kumbe wameshatuma ujumbe ndani kwamba wako hapo, baba yao akatoka kwenye roshani! Elizabeth alisimulia mwenyewe 1985. Yule Jack wa kwenye muvi, mtoro wa jeshi, katungwa.

Binti Kigogo: Bibi kama hajui kizungu usimtafutie iliyotafsiriwa na DJ, wanaongeza maneno yao. Kaa pembeni yake umtafsirie taratibu, muanzie na Harun Rashid anavyojigeuza usiku mitaani Baghdad, ataelewa hapo hapo. Na kama baba yake alikuwa keya, askari wa KAR jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, muulize, maana vita na Wajapani iliendelea mpaka Agosti.

Kijana wa Mbagala: Aisee Binti Kigogo, baba yake alikuwa keya kweli, Burma! Asanteni sana, leo usiku naiangalia mwenyewe niandike dakika za Soho, na Jumapili bibi anakaa kiti cha karibu na mimi.