Mkusanyiko upi wa tamthilia za dunia: Norton, Worthen au ule wa Afrika?

Mpiga_Zumari:
Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nataka kitabu kimoja chenye tamthilia za mataifa na zama mbalimbali, nimechoka kuhangaika na vitabu vya mtunzi mmoja mmoja. Nimebakiza vitatu. Kuna The Norton Anthology of Drama ya akina Gainor, Garner na Puchner, juzuu mbili: la kwanza linatoka kwa Wagiriki mpaka karne ya 18, la pili linaanzia karne ya 19 kuja huku kwetu. Kuna The Wadsworth Anthology of Drama ya W. B. Worthen, imepangwa kwa mahali na wakati. Na kuna Contemporary African Plays ya Martin Banham na Jane Plastow, ya mwaka 1999, tamthilia sita tu. Shemeji yangu anarudi kutoka Uingereza mwisho wa mwezi na amekubali kunibebea. Nichukue kipi?

Kijiti:
Mkuu, umeulizia bei ya ng'ombe bila kusema unataka maziwa au nyama. Kitabu ni cha nini? Kusoma mwenyewe, kufundishia, au kupanda jukwaani? Bajeti je? Na shemeji ana nafasi ya kilo ngapi kwenye begi?

Bi_Sauda:
Mimi nasema Norton, wala sihitaji kujua zaidi. Juzuu la kwanza pekee linafungua macho. Humo yumo Kalidasa wa India na Shakuntala yake. Mfalme anamwoa binti wa msituni, anamwachia pete, halafu laana ya mzee mmoja mwenye hasira inamfanya amsahau mkewe kabisa. Pete inadondoka majini, inamezwa na samaki. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pale askari wanapomburuta mvuvi aliyekutwa na hiyo pete. Wanampiga, wanamwita mwizi, mikono inawawasha kumwua. Mara amri inatoka kwa mfalme kwamba mvuvi apewe zawadi. Anawagawia nusu, na papo hapo mkubwa wa askari anamwita rafiki na wote wanaongozana kwenda kunywa. Hiyo imeandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita! Kitabu cha Worthen nimekisoma pia, ni kizuri kwa maelezo ya majukwaa ya kale, lakini uzito wake uko Ulaya na Marekani.

Kijiti:
Dada Sauda, nimefurahia habari za mvuvi, ila mwenye uzi bado hajajibu.

Mpiga_Zumari:
Samahanini, shughuli zilinibana. Ni kwa ajili ya kikundi chetu hapa Morogoro. Tunataka kila mwezi tusome tamthilia moja mbele ya watu, na ikitoka vizuri tuipandishe jukwaani. Bajeti ni laki tatu na nusu, ikipelea tutachangishana.

Mwalimu_Kisumu:
Sasa tunaanza kuelewana, lakini bado mawili. Mko wangapi? Na hadhira yenu itasikiliza kwa Kiingereza? Vitabu vyote vitatu ni vya Kiingereza.

Kama mko wachache, mimi naenda na Banham na Plastow bila wasiwasi. Woza Albert! imo humo, ya Percy Mtwa, Mbongeni Ngema na Barney Simon, iliyoanza Market Theatre kule Johannesburg mwaka 1981. Waigizaji ni wawili tu! Wawili hao wanakuwa wafungwa, askari, vinyozi, wauza nyama, wapiga matofali. Kila mmoja ana pua bandia ya rangi ya waridi. Akiivaa amekuwa Mzungu, akiivua amerudi kuwa mtu wa kitongojini. Hakuna mandhari ya kujenga, hakuna maleba ya gharama. Kisa ni kwamba Masihi anarudi duniani na anashukia Afrika Kusini ya makaburu. Wanamfunga kisiwani Robben, naye anatembea juu ya maji na kuondoka. Mwishoni anaingia makaburini kufufua mashujaa, na Albert wa kwenye jina ni Albert Luthuli, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ANC. Nimewaona wanafunzi wakiicheza kwenye ukumbi wa kulia chakula na hakuna aliyekumbuka kwamba hapakuwa na jukwaa.

Humo humo mna Anowa ya Ama Ata Aidoo, Death and the King's Horseman ya Soyinka, na The Other War ya Alemseged Tesfai wa Eritrea, ambayo yeye aliiandika kwa Kitigrinya.

Maleba:
Mwenye uzi, ngoja nikueleze yaliyotukuta chuoni ili usije ukaumia.

Tuliagiza mkusanyiko mkubwa wa tamthilia kwa muuzaji wa mtandaoni. Sio kati ya hivi vitatu, ila ni kitabu cha aina hiyo hiyo. Picha ilionyesha toleo kamili. Tukachangishana, tukasubiri, tukaenda kukigombolea posta. Kufungua boksi, tumeletewa toleo fupi. Kava ni lile lile, ila chini kabisa kuna neno dogo linalosema kimefupishwa. Tamthilia mbili ambazo tulikuwa tumeshazigawia wahusika hazimo. Tukamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba kitabu ni halali, na tukitaka kukirudisha gharama ni juu yetu. Nauli ya kukirudisha ilikuwa inapita nusu ya bei. Hata pole hakutupa.

Basi tukasema tutumie kilichomo, tuanze na Antigone ya Mgiriki Sofokile. Kitabu ni kimoja, watu kumi na wawili. Wenzetu wakaenda kutafuta Antigone intaneti, kila mtu akapakua aliyoikuta. Siku ya kusoma mbele ya watu, Ismene ana tafsiri ya zamani ya kishairi, Kreoni ana tafsiri mpya ya maneno ya kawaida, korasi wameshika ya tatu. Ismene anamaliza, Antigone yuko kimya, maana neno analolisubiri ili aingie halijatamkwa. Korasi wanatoa beti ambazo kwa mwenzao ziko kurasa mbili mbele. Tukawa tunanong'onezana "ni wewe, ni wewe" mbele za watu. Walezi wetu waliokuja kutusikiliza walianza kunyanyuka kabla hata Haimoni hajaingia. Niliumia sana, maana ile tamthilia ina nguvu na hawakuisikia.

Kwa hiyo shemeji aangalie namba ya toleo na ISBN mwenyewe kwa macho yake. Na kikundi kipange mapema kila msomaji atashika nini mkononi. Kitabu kimoja cha kurasa elfu hakishikwi na watu kumi.

Kijana_wa_Kopi:
Mbona rahisi? Nunueni kimoja, mpige kopi za tamthilia mnayoitaka. Sofokile amekufa miaka zaidi ya 2,400, nani atadai?

Wakili_Mstaafu:
Sofokile hadai, lakini mfasiri wake anadai. Sheria ya Hakimiliki yetu ya mwaka 1999 inalinda kazi muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na tafsiri ni kazi yenye mwenyewe. Vilevile kununua kitabu hakukupi ruhusa ya kuigiza mbele ya watu. Kwa watunzi kama Soyinka au akina Ngema unatakiwa kuomba ruhusa kwa wenye haki, hata kama kiingilio ni bure. Andikeni barua mapema.

Kama mnataka cha bure kabisa, tafuteni The Nō Plays of Japan ya Arthur Waley. Ilitoka 1921, na yeye alifariki 1966, kwa hiyo kwa sheria yetu muda umekwisha. Humo mna Atsumori ya Zeami, aliyeishi Japani karne ya 14 na 15. Askari aliyemwua kijana Atsumori vitani ameacha upanga na kuwa mtawa, anarudi pale pale palipopiganiwa kumwombea. Anakutana na wakata majani, mmoja wao anapuliza filimbi, na huyo ndiye marehemu mwenyewe. Mwishoni marehemu anainua upanga kulipiza kisasi, kisha anaona kwamba adui yake amekuwa mtu wa kumwombea. Kurasa chache sana, mnasoma jioni moja.

Bi_Sauda:
Mzee wangu, shikamoo. Atsumori hata kwenye Norton imo.

Mkaazi_Muscat:
Nawasalimu kutoka huku Ghuba. Hii mikusanyiko mikubwa inawapa Waarabu kona ndogo mno, na mimi linaniuma. Mwenye nafasi atafute Modern Arabic Drama ya Salma Khadra Jayyusi na Roger Allen, Indiana University Press, 1995.

Pazia:
Wakuu, mimi nashangaa. Kikundi kiko Morogoro, wasikilizaji ni watu wa Morogoro, na hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba tamthilia za dunia zipo kwa Kiswahili tangu zamani. Hesabuni nami. Mgiriki: Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi, 1971. Mwingereza: Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi, 1969, zote za Mwalimu Nyerere. Mfaransa: Mchuuzi Mwungwana ya Molière, 1961. Mrusi: Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Gogol, tafsiri ya Christon Mwakasaka, 1979. Mnigeria: Masaibu ya Ndugu Jero ya Soyinka, 1974. Mkenya: Nitaolewa Nikipenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ile ambayo onyesho lake lilipigwa marufuku kule Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Huo ni mkusanyiko kamili, na bibi aliyekaa mstari wa nyuma ataelewa kila neno!

Gogol hasa. Mji mzima wenye viongozi wala rushwa unasikia mkaguzi anakuja kwa siri, wanamdhania kijana mmoja mpita njia aliyeishiwa hela hotelini, wanamjaza pesa na karamu. Soma hiyo mbele ya watu uone watakavyocheka na kutazamana.

Kijana_wa_Kopi:
Kaka Pazia, vitabu hivyo utavipata wapi? Mimi nimevitafuta madukani mpaka nimekata tamaa.

Pazia:
Nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, uombe kusomea pale pale. Na wauza vitabu vya mitumba, ukiwaachia orodha na namba ya simu, wanakutafutia.

Mwalimu_Kisumu:
Napingana nawe kidogo. Tafsiri za miaka ya sitini zilifanywa zisomwe darasani. Ukizisema jukwaani baadhi ya mistari inamwishia mwigizaji pumzi.

Pazia:
Mwalimu, Nyerere alitafsiri kwa ushairi kama Shakespeare alivyoandika. Mpe mwigizaji hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari, asimame, aiseme polepole. Kinachomwishia pumzi ni kukosa mazoezi.

Maleba:
Na kwa nini tutafute tafsiri tu? Hakuna hata kimoja kati ya vile vitatu chenye Ebrahim Hussein wala Penina Muhando. Kinjeketile ya Hussein, ya 1969, ingekaa na Antigone kwenye kitabu kimoja bila kuona haya. Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa kwa sababu anajua watoto wataambiwa nini baadaye. Antigone naye anakataa kuinamia amri ya mfalme Kreoni ya kumnyima kaka yake maziko. Zisomeni hizo mbili kwa kufuatana, mwezi huu na mwezi ujao.

Mwalimu_Kisumu:
Hapo nakuunga mkono kabisa. Ila Kinjeketile inataka watu wengi, ndiyo maana nimeuliza idadi.

Mkaazi_Muscat:
Nguzo Mama ya Penina Muhando bado inapatikana? Yangu niliiazimisha na haikurudi.

Mpiga_Zumari:
Asanteni sana wote. Tuko tisa, wanawake sita na wanaume watatu. Wasikilizaji wengi ni wa Kiswahili, tulikuwa tumepanga kutafsiri wenyewe kadiri tunavyosoma. Shemeji anataka jibu Ijumaa. Nimeanza kuelekea kwenye Banham na Plastow kwa sababu ni chepesi kubeba, lakini Norton naitamani bado.

Wakili_Mstaafu:
Kutafsiri nako kunahitaji ruhusa, kijana wangu.

Bi_Sauda:
Norton juzuu la kwanza peke yake linauzwa, huna haja ya kununua yote mawili. Na wanawake sita? Lysistrata ya Mgiriki Aristofane, ile ambamo wake wanawagomea waume kitandani mpaka vita viishe!

Kijiti:
Lysistrata Morogoro, mbele ya wazee? Fafanua dada.