Nani aliwaambia themostati ni ya nchi za baridi? Mafundi wa Mombasa, mmezidi!

Leo sina salamu ndefu. Gari linachemka kwenye foleni ya feri pale Likoni, mwenyewe analikokota hadi gereji, na hata boneti haijafunguliwa sawasawa hukumu imeshatoka: "Toa themostati, hiyo ni ya nchi za baridi." Inang'olewa, maji ya kisima yanajazwa, feni inaungwa dairekti kwenye umeme izunguke muda wote, haya nenda. Baada ya siku chache gari liko pale pale, linachemka vile vile, na sasa wimbo umebadilika: "Hedi gasketi imekwenda." Yaani ile gasketi kati ya bloku ya injini na hedi, kichwa chake cha juu. Jamani, nani aliyepima? Na alipima kwa kifaa gani?

Tuanze na hiyo themostati, kile kivalvu kinachofungua na kufunga njia ya maji kupitia rejeta (kipoza maji cha mbele). Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha, Probox, Fielder na jamaa zao, inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Joto la Mombasa likichachamaa hewa inafika 33 au 34. Sasa niambieni, 34 na 82 zinakutana wapi? Iwe Mvita iwe Limuru, injini inataka kufanya kazi kwenye joto lile lile. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidi kumwaga petroli, na petroli isiyoungua inateremkia kwenye oili.

Lakini hilo ni dogo. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili kwa nyuma, na kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitupa, njia ile inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeitoa ili gari lisichemke, kumbe umelifungulia njia ya kuchemka, na utaliona hilo siku litakapopanda Mazeras na abiria wanne na mizigo.

Kuipima hakuhitaji mashine. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, tia kipimajoto, washa jiko. Nambari ya joto la kufunguka imepigwa chapa kwenye bati lake. Maji yakifika hapo ianze kufunguka, na yakifika 95 iwe imeachama milimita 8 hadi 10. Haifunguki? Nunua nyingine, na ukiirudisha kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kielekee juu, ndicho kinachotoa hewa wakati wa kujaza maji.

Swali la kwanza la fundi lilipaswa kuwa moja tu: linachemka LINI? Hilo halimgharimu kitu, na nusu ya jibu limo humo.

Likichemka kwenye foleni na kupoa ukishashika mwendo, shuku feni. Washa AC, kwenye gari nyingi feni inapaswa kuzunguka. Kisha zima AC, chomoa soketi ya sensa ya joto la maji huku injini inanguruma: Toyota nyingi kompyuta ikikosa habari za sensa huwasha feni yenyewe kwa usalama. Ikizunguka, basi mota, relei (swichi ya umeme ya feni) na waya ni wazima, rudi kwenye sensa. Isipozunguka, angalia fyuzi, badilisha relei, halafu ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Hapo ndipo dairekti ina maana, kama kipimo, si kama dawa ya kudumu! Feni iliyoungwa dairekti inalika kabla ya wakati wake, na ugonjwa umefichwa tu.

Likichemka kwenye mwendo au mlimani lakini kwenye foleni limetulia, feni haina kosa. Hapo ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba au pampu imechoka. Lizime likiwa na moto, funguo mkononi mwako, upapase rejeta kwa uangalifu. Sehemu iliyo baridi katikati ya moto ni mirija iliyoziba. Na sisi wa pwani tuna balaa letu la ziada, hewa ya chumvi. Sogeza macho karibu utazame vile vibati vyembamba kati ya mirija. Ukiona unga mweupe, na ukikwaruza kwa ukucha vinamomonyoka kama biskuti iliyoota ukungu, rejeta hiyo haitoi joto tena hata ukiijaza maji ya Zamzam. Vikiwa vizima, osha nafasi kati ya rejeta na kondensa ya AC (ile kama rejeta nyingine iliyo mbele yake) kwa mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje. Ile mashine ya kuoshea magari inavilaza vibati, hewa haipiti tena.

Sasa maji. Maji ya kisima cha Kisauni, sabuni haitoi povu, chai ikipikwa haina ladha, wewe unayatia kwenye injini ambayo bloku na hedi yake ni alumini? Chumvi inaila alumini na madini yanaganda kwenye mirija. Nunua maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri (soma chupa, isiwe asidi!) uchanganye nusu kwa nusu na kulanti halisi, ile dawa ya kupozea injini. Injini ya 1NZ, iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi, inabeba karibu lita 5, kwa hiyo lita mbili na nusu za kulanti zinatosha. Iliyoandikwa kwamba imeshachanganywa usiiongezee maji. Na nyie mnaouza maji ya rangi kwenye galoni, Mungu anawaona.

Kifuniko cha rejeta nacho kinadharauliwa sana. Chenye namba 1.1 (kipimo cha presha) kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi 120. Springi ikilegea unarudi kwenye 100. Ukiona tangi dogo linafurika huku rejeta ina upungufu, au paipu ya juu imenywea gari likishapoa, anza na kifuniko.

Nimeona mwenzetu anauliza kuhusu gari lisilo na mshale wa joto, lina taa ya buluu na nyekundu tu. Usingojee nyekundu, huwa imechelewa. Nunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari), soma kwenye simu. 85 hadi 98 tulia. Ikipita 105 zima AC, fungua hita ya moto hadi mwisho, tafuta pa kuegesha. 110, zima injini. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa au zaidi.

Na wewe uliyejibu kwamba wateja hawataki kulipia vipimo, una haki kidogo. Basi toza pesa ya kipimo, lakini pima. Hedi gasketi ina dalili zake: paipu ya juu inakuwa ngumu dakika ya kwanza tu baada ya kuwasha asubuhi, mapovu hayaishi kwenye rejeta hata hewa ikishatolewa, maji yanapungua bila kuvuja popote. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi, gari la safari fupifupi huufanya pia. Chukua ile dawa ya buluu ya kupimia ikiwa ndani ya kichupa chake, iweke juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma. Ikigeuka njano, moshi wa silinda umeingia kwenye maji.

Hata hedi ikifunguliwa, isipelekwe kukwanguliwa (kusawazishwa kwa mashine) kwa mazoea. Rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu na kwa mshazari, halafu filagaji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 chini ya rula. Mteja, simama hapo hapo uione kwa macho yako. Isipopita, hedi haijapinda, na hakuna wa kukutoza pesa ya kuikwangua.